Mabaki ya Rangi Tuliyoletewa Huruma

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipewa gunia tupu na kijiti kirefu kama mwiko wa kusongea ugali wa matanga. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na mbele ya watu sauti yangu ilikuwa haitoki. Nyapara Wesonga, mkubwa wetu katika yadi ya rangi, aliniuliza jina, akangoja, akaniuliza tena, kisha akacheka.

"Basi kaa hivyo hivyo," akasema. "Rangi haitaki maneno. Inataka mkono."

Yadi ilikuwa ya idara ya nyumba ya jiji. Idara ilikuwa imeelewana na kiwanda kimoja cha rangi. Kiwanda kilituletea kwa lori lake rangi zilizokosewa na makopo nusu yaliyorudishwa na maduka. Idara nayo ilileta rangi iliyosalia baada ya kupaka nyumba za mitaa yetu ya Eastlands, mashariki mwa jiji. Badala ya kumwagwa mtaroni mpaka mtoni, rangi hizo zilitengenezwa upya na kupewa wasio na uwezo wa kununua. Sijaona mpango mzuri kuliko huo, na ndiyo sababu nina hasira mpaka leo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwanza tulitenga rangi ya maji na rangi ya mafuta, maana zikikutana zinakatika kama maziwa yaliyochacha, na pipa zima limekwisha. Kisha tuliondoa utando, ile ngozi inayoganda juu, tukachuja kwa gunia na kukoroga. Rangi nyepesi zote zikiingia pipa moja, hutoka kitu kati ya maziwa na majivu. Wapangaji waliiita chai ya jela. Walicheka, lakini waliipaka, na ilishika ukutani.

Hatukuandika kitu juu ya makopo. Kila kifuniko kilipakwa tone la rangi iliyo ndani, na tone hilo lilikuwa neno letu. Makopo ya kiwanda nayo yalikuja na tone. Kwa miaka mingi tuliliamini, na makopo yaliyojaa tuliyagawa bila kufungua.

Kutoka kuchuja nilipandishwa kukoroga, halafu nikaingia kikosi cha wapakaji. Msimamizi wa Yadi wa kwanza, mtu wa kuvaa dangirizi ya kazi kama sisi, alistaafu. Aliyekuja baada yake alipenda tai, na alipenda wageni zaidi.

Ilikuwa miaka ya themanini akina mama wa mtaa wa Huruma walipomaliza kujenga chekechea yao, mawe na mabati kwa mikono yao wenyewe. Waliomba rangi. Kiwanda kikatoa makopo yenye tone la krimu safi, na Msimamizi akaalika wakubwa waje kusifu ushirikiano wa serikali na viwanda.

Wesonga alinyanyua kopo moja akalirudisha chini. "Hili lina mawe?" Tukafungua. Juu kulikuwa na krimu kidogo. Nilipochovya kijiti, chini kulikuwa na tope jekundu zito. Ilikuwa rangi ya kutangulizia vyuma visishike kutu, ile yenye madini ya risasi. Risasi ni sumu. Mpakaji akiipiga msasa bila kufunga kitambaa puani huugua. Na mtoto mdogo hubandua rangi ukutani akaitia mdomoni.

Tulifungua yote. Yote yalikuwa hivyo. Wesonga akabeba kopo moja mpaka ofisini, mimi nyuma yake.

"Bwana Msimamizi, hii si ya watoto. Hii ni ya vyuma vya daraja."

"Najua," akasema Msimamizi, bila hata kuinuka.

"Unajua?"

"Kiwanda kinajua, mimi najua, na sasa wewe unajua, mzee. Wana taka zao, wanatafuta pa kuzipeleka. Pakeni, halafu mpitishe nyeupe juu. Wageni wanakuja Ijumaa."

"Na watoto?"

"Watoto hawali ukuta."

"Wako hawali," Wesonga akamjibu. "Wetu wanabandua hata chokaa."

Palepale Wesonga alihamishwa kukata nyasi kando ya barabara. Msimamizi akanigeukia. "Wewe bubu, chukua kikosi."

"Sipaki," nikasema. Sauti ilitoka, ikanishtua mimi mwenyewe. Nikapelekwa nyasini pia.

Jioni hiyo tulikwenda Huruma kwa Mama Wanjiru, mwenyekiti wa akina mama. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo ni takataka yao, wametuwekea kifuniko kizuri tu?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Waje."

Ijumaa makopo yaliyoletwa kutoka yadini yalikuwa yamepangwa na akina mama langoni mwa chekechea, wazi, rangi bado haijapakwa. Mgeni wa heshima aliposhuka garini, Mama Wanjiru alimpa kijiti kwa mikono miwili, kama anayempa zawadi. "Karibu, mheshimiwa. Tukorogee mpaka chini."

Akina mama wakaitikia, "Koroga, baba! Koroga!"

Mheshimiwa aliangalia kijiti, akaangalia viatu vyake. Hakukoroga. Alihutubia kuhusu ushirikiano, akapigiwa makofi na watu aliokuja nao, akaondoka. Lori likayarudisha makopo. Yalikomwagwa hatukuambiwa.

Baada ya hapo mpango wote ulifungwa. Msimamizi alipandishwa cheo. Sababu iliyotolewa ya kuufunga mpango ni kwamba wakazi wa Eastlands hawataki rangi ya mabaki, wana maringo. Sisi! Watu waliokuwa wameipaka chai ya jela vyumbani mwao miaka yote hiyo!

Wesonga alistaafu akiwa bado na fyekeo mkononi, na hakuagwa. Mimi nilirudishwa kwenye brashi baadaye, nikafanya kazi mpaka nami nikastaafu. Leo nawasikia vijana wakisema viwanda na serikali vikae pamoja kuhusu mabaki ya rangi. Vikae. Lakini mwenye ukuta awepo kopo likifunguliwa, na akisema hapana, asisingiziwe maringo. Akina mama wa Huruma hawakukataa rangi. Rangi hawakuletewa.