Treni ya Miwa Katika Ombolezo la Nagat

Alhamisi tarehe 18 Novemba 1993, saa tatu asubuhi, Sittuhum Abdel-Rasul aliimba mbele ya kinasa sauti kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Kaseti ipo. Ubavuni imeandikwa tarehe hiyo, jina la kijiji chake katika mkoa wa Qena, na maelezo mafupi: mwombolezaji, miaka hamsini na mitano. Jina lake halimo.

Mwenye kinasa sauti, Rifaat, alifundisha chuo kikuu Kairo, lakini hakuwa mgeni. Mama yake, Inshirah, alinyonya ziwa moja na Sittuhum. Rifaat alikuwa akiandika kitabu cha kuthibitisha kwamba maombolezo ya wanawake wa huku ni yale yale yaliyochorwa kwenye kuta za makaburi ya kale. Wale wa ukutani wameinua mikono na kujipaka udongo kichwani. Hawa nao hufanya hivyo. Sittuhum hakuwa na ubishi. Alipokuwa msichana aliwapelekea chakula wachimbaji wa makaburi hayo, akaiona mikono ile ukutani, akaitambua.

Kikwazo kilikuwa mahali. Ombolezo haliimbwi katika nyumba isiyo na maiti, ukiliimba, unaita maiti mwingine.

"Kwangu humwimbishi mtu," alimwambia. "Nina mjukuu mmoja tu."

"Basi twende makaburini, mama mdogo. Alhamisi si unakwenda tu?"

Wakaenda. Alipokwisha kugawa sadaka yake ya mikate iliyoumuliwa juani, Sittuhum alikaa kando ya kaburi la binti yake, Nagat. Wanawake wa makaburi ya jirani hawakumwacha hivi hivi.

"Safisha koo, Sittuhum, Kairo inasikiliza!"

"Jitande vizuri, watakuona!"

"Wataniona kwenye kaseti, mjinga we?" Akacheka. Kisha akaanza, na hakuna aliyecheka tena.

Nagat alikufa Januari 1979, akiwa na miaka ishirini. Uchungu ulimshika asubuhi, mtoto amekaa vibaya, wakampakia kwenye gari la kukodi kwenda hospitali ya mjini. Njiani walikuta treni ya kiwanda cha sukari, imesheheni miwa, imesimama na kuziba barabara. Dereva alikuwa chini, kando ya reli, anakunywa chai. Sittuhum alimwendea akamshika miguu. Dereva akasema anasubiri amri. Walikaa pale saa moja na robo. Hospitalini mtoto, Samah, alitolewa hai. Nagat alitolewa amefunikwa.

Polisi hawakuandika kitu, na kiwanda hakikutuma hata mtu wa kusema pole. Siku ya tatu ya msiba Sittuhum akatunga mashtaka yake mwenyewe:

*Dereva wa miwa, maliza chai yako,*
*binti yangu ana njia ya kupita.*
*Sukari yako itafika mjini,*
*Nagat wangu atafika wapi?*

Pale kaburini Rifaat alifuta machozi. "Neno lako halitapotea, mama mdogo. Nitaliandika kama lilivyotoka kinywani mwako." Sittuhum alimwamini. Kwa miaka kumi na minne alikuwa hajapata hukumu yoyote, na hii ilielekea kuwa hukumu.

Kitabu kilitoka mwaka 1997. Samah, ambaye sasa alikuwa akisomea ualimu Qena, alikiazima maktaba akamsomea bibi yake barazani. Alipofika kwenye ombolezo la aliyekufa kwa uzazi, akaurudia ukurasa kwa macho tu.

"Soma."

"Bibi, hapa…"

"Nimesema soma."

*Nahodha wa mashua, shika kasia lako,*
*binti yangu ana njia ya kupita.*
*Mashua yako itafika ng'ambo,*
*binti yangu atafika wapi?*

Chini yake Rifaat alieleza kwamba wimbo huo ni wa kurithi na mtunzi wake hajulikani. Nahodha, aliandika, ndiye mvushaji wa wafu wa Misri ya kale, aliyehifadhiwa kwa miaka elfu tatu vinywani mwa wanawake wasiojua kusoma.

"Mashua gani?" Sittuhum aliuliza. "Nagat hakupanda mashua hata siku moja. Alikuwa anaogopa maji."

Redio ya mkoa ikausoma wimbo huo. Mwaka uliofuata, katika msiba wa kijiji cha pili, Sittuhum aliwasikia wanawake wakimwimba nahodha, kwa sauti nzuri kabisa. Alipoingiza treni yake, msichana mmoja alimgusa bega kwa adabu. "Umekosea, bibi. Ya asili ni mashua."

Mwezi uliopita Inshirah alifariki. Sittuhum alimwombolezea siku tatu, mpaka sauti ikakauka. Siku ya nne akamkabili Rifaat.

"Treni yangu umeipeleka wapi?"

Rifaat hakujifanya hajaelewa. "Mama mdogo, msomi akikuta treni atasema wimbo wote ni wa juzi."

"Ni wa juzi. Nimeutunga mimi."

"Lakini roho yake ni ya kale. Mimi nimeupangusa vumbi tu."

"Mwanangu ndiye vumbi?" Sittuhum aliuliza. "Nilidhani kikulacho kitatoka mbali. Kumbe wewe, uliyelelewa kwangu mama yako alipougua."

"Toleo la pili linakuja. Nitaliweka jina lako mwanzoni kabisa."

"Juu ya mashua?"

Rifaat akaitikia kwa kichwa.

"Jina langu liache. Rudisha treni."

"Nikitoa mashua, sura nzima inaanguka."

"Si ianguke."

"Cheo changu kimesimama juu ya sura hiyo, mama mdogo. Nielewe."

"Nimekuelewa," alisema Sittuhum, akaokota viatu vyake mlangoni.

Arubaini ya Inshirah ni Alhamisi ijayo, na Rifaat atakuja na wenzake wawili wa chuoni kusikiliza. Sittuhum ataoka mikate, atakaa makaburini kati ya wanawake, na hataimba.