Mama Kirolosi na Darasa la Saa Nane

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Kirolosi alitupikia dengu na maharage katika shule ya masista katika mji wa Mallawi, Misri, na sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyelijua jina lake. Tulimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, naye akaitika. Mimi nilifundisha hesabu madarasa ya juu. Nilichojua juu yake ni kwamba alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka, na kwamba wasichana wakishatoka darasani aliingia kufuta ubao, ingawa kazi hiyo haikuwa yake.

Aliusoma kwanza ndipo akaufuta. Hilo nililigundua baadaye.

Mkuu wetu, Tasuni Febronia, kwani ndivyo tunavyowaita masista, alikuwa amechoshwa na masomo ya kulipia ya mitaani. Wenye uwezo walikwenda huko, wasio nao wakabaki nyuma. Akaanzisha darasa la bure la saa nane mchana kwa waliokuwa wakisuasua, kila mwalimu akatoa siku yake.

Siku moja nilikuwa nyuma ya darasa hilo nikisahihisha madaftari. Mwalimu wa jiografia akauliza kwa nini zamani Mto Naili ulifurika wakati wa joto, na hali kwetu mvua hainyeshi. Wasichana wakainamia madawati yao. Kisha sauti ikatoka mlangoni.

"Mvua hainyeshi kwetu. Inanyesha Uhabeshi."

Alikuwa Mama Kirolosi, na ndoo mkononi. Wasichana wakaangua kicheko. Verena, binti mwenye ulimi kuliko wote, akasema, "Mama Kirolosi, dengu zinaungua huko!"

"Dengu zangu hazijawahi kuungua, mwanangu. Kilichoungua ni jibu lako."

Tasuni alimwita ofisini, nami nikaambiwa niketi.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tisa, Tasuni. Nilikuwa wa pili wilaya nzima. Wiki yalipotoka matokeo ndiyo wiki niliyovalishwa pete."

"Na cheti?"

"Kipo chini ya godoro. Miaka ishirini na miwili nakilalia."

Tasuni akaniangalia, nikainamisha macho. Siku tatu baadaye tulikuwa nyumbani kwa Mama Kirolosi, tunakunywa chai nyeusi na mumewe, Bebawi, aliyekuwa akikata mawe ya chokaa machimboni. Tulimweleza kwamba mtu mzima huweza kujiandikisha, akasomea nyumbani na kufanya mitihani ya sekondari kama wengine, na kwamba shule ingemsaidia.

"Tasuni, mke wangu ana miaka thelathini na saba," akasema Bebawi. "Akimaliza atakuwa nani? Waziri?"

"Atakuwa amemaliza."

Bebawi alikoroga chai yake muda mrefu. "Haya. Mradi chakula kisikosekane."

"Kimekosekana lini?" Mama Kirolosi akauliza kutoka jikoni.

Fomu ndiyo iliyotufunulia jina. Damyana Bishay. Kesho yake nilimwita hivyo uani, hakugeuka. Nilimwita tena, akasimama, akaweka mkono kifuani. "Mwalimu, mara ya mwisho kuitwa hivyo nilikuwa nimevaa sare," akasema.

Ilimchukua miaka mitatu. Alichagua mchepuo wa fasihi kwa sababu ndimo ilimokuwa jiografia. Alimenya vitunguu kitabu kikiwa kimeegemezwa kwenye sufuria, kurasa zikawa na madoa ya mafuta. Katika Kwaresima, tulipokuwa tukifunga mpaka alasiri, alisinzia dawatini, na wasichana wakawa wanamwamsha kwa zamu. Verena, yule yule wa dengu, alimfundisha Kifaransa huku akimsaidia kuchambua maharage. "Mama Kirolosi, toa sauti puani! Puani, si kooni!" Akajaribu, wote wawili wakacheka mpaka machozi.

Siku ya mtihani wa kwanza msimamizi alimzuia getini. "Mama, wazazi wanasubiri nje."

Damyana alimwonyesha kadi yake ya mtihani. Yule bwana akaisoma, akamtazama usoni, akaisoma tena, ndipo akampisha.

Kifaransa kilimwangusha. Akarudia mwezi wa Agosti, akafaulu kwa shida. Jumla yake ikawa asilimia sitini na tisa, na Kitivo cha Sanaa cha chuo kikuu kule Minya mwaka ule kilitaka sabini na sita. Aliniomba nijumlishe upya. Nilijumlisha mara tatu.

"Mwalimu, si shahada ninayoitamani," akaniambia tukiwa tumeketi kwenye ngazi za jikoni. "Natamani kuketi katika ukumbi wa mihadhara, hata nyuma kabisa, nimsikie mtu akisema jambo ambalo sijawahi kulisikia. Halafu nipande treni kurudi, vitabu nimevikumbatia hivi." Akaikunja mikono yake mitupu kifuani.

Cheti kipya hakikwenda chini ya godoro. Bebawi, bila kuambiwa na mtu, alitoboa ukuta wa sebuleni akakitundika kando ya picha ya Bikira Maria, na kila mgeni aliyeingia alilazimika kukisoma kabla ya kupewa chai.

Tasuni alimtoa jikoni, akamkabidhi usimamizi wa darasa la saa nane. Msichana akikosa siku mbili mfululizo, Damyana huenda kwao. Anapokuta pete imekwisha kuletwa, haondoki upesi. Amewarudisha wanne hadi sasa. Wawili wamefika chuo kikuu, na wakija kututembelea huwakalisha na kuwahoji. Ukumbi una viti vingapi? Mhadhiri huketi au husimama? Mtu akiuliza swali, hunyosha mkono au husema tu? Wasichana hujibu kwa haraka, maana kwao ni mambo ya kawaida, naye huwarudisha nyuma wayaeleze polepole.

Na kila mwaka, alama za kujiunga na vyuo zinapotangazwa, huja mlangoni kwangu kuuliza za Kitivo cha Sanaa. Namtajia. Hupiga hesabu kichwani, ingawa yeye na mimi tunajua vyema kwamba cheti cha mwaka ule hakipokelewi tena. Kisha hunishukuru, akaenda kuwaita wasichana waingie ndani.