Vita Nisivyovikimbia

Safari yangu ya kwanza peke yangu nje ya nchi ilinitoa Singida hadi Lodwar, kaskazini mwa Kenya. Mimi na mwanamke mmoja mwenye nyumba ya wageni katika mtaa wa Kanamkemer tulikuwa tumekubaliana kwa simu: miezi ya likizo ya chuo niwapikie wageni wake na kufua mashuka, naye anipe chumba na chakula. Nilitaka kuona dunia, na njia nyingine sikuwa nayo.

Alinipokea vizuri, hilo siwezi kumnyima. "Karibu, mdogo wangu," alisema. Akanifundisha kusema "ejok" nikisalimia watu sokoni, akaninunulia ndara mpya, zangu zilipobanduka gundi kwa joto. Nikamwita dada. Alasiri tulikaa uani tukichambua maharage, naye akiniuliza habari za kwetu. Nilimweleza hata kifo cha baba. Mara nyingi alinipiga picha jikoni, hasa nikiwa nimechoka, kanga imeloa jasho. Niliona ni mapenzi.

Siku moja walikuja wageni wa kanisa kutoka Nairobi. Mama mmoja mtu mzima alinifuata jikoni, akanishika mikono yote miwili.

"Pole, mwanangu. Mungu aliyekutoa vitani atakuinua."

"Vita gani, mama?"

"Huko kwenu Kongo. Dada yako ametueleza alivyokuokota kambini Kakuma. Na baba yako, kuuawa mbele ya macho yako! Ametuonyesha na picha."

Baba yangu alikufa kwa kisukari, kitandani, mimi nikimpangusa miguu.

Nilimkuta dada akikunja mashuka. "Dada, umewaambia mimi ni mkimbizi?"

Hakushtuka. "Si wanaisaidia nyumba kwa pesa? Wewe umepungukiwa nini? Unakula, unalala. Wakikuuliza, nyamaza tu. Watu waliotoka vitani hawasemi sana."

Sikunyamaza. Wakati wa chakula nilisimama mbele ya wageni, nikasema mimi ni Mtanzania, sijawahi kufika Kongo. Dada akaja akanikumbatia mabega, akawaambia kwa upole, "Huwa inamjia hivi. Ni yale aliyoyapitia."

Wakamwamini. Nilitaka kukimbilia pasipoti yangu, lakini yule mama alikuwa ameshafumba macho, ameniwekea mkono kichwani, anaomba huku akilia.

Asubuhi nilifunga begi. Mfanyabiashara mmoja Msomali aliyekuwa akituletea mchele na sukari alinipakia kwenye lori lake hadi Kakuma, ambako mkewe alikuwa na hoteli. Huko nako nikaosha vyombo, nikapewa pa kulala.

Mteja mmoja, mama wa Kikongo aliyeishi kambini, alinisikia nikiongea, akacheka. "Wewe ni wa Tanzania." Machozi yakanitoka pale pale. Nilipomsimulia kwa nini, aliacha kucheka.

"Mimi baba yangu walimuua kweli," alisema. "Na hakuna mtu amekuja kunishika mikono."

Nilimwongezea chai, nikakaa naye hadi alipoimaliza.

Likizo ilipokwisha nilirudi Singida. Dada alinitumia ujumbe mmoja tu, akiuliza nimeweka wapi ufunguo wa stoo. Nilimjibu. Picha zangu hakuzitaja, nami sijui hadi leo ziko mikononi mwa nani.