Kidirisha cha Kompyuta Namba Nne

Kidirisha kilijitokeza chenyewe kwenye kompyuta ya mume wangu, katikati ya kazi zake, kikiuliza: "Umekula?"

Shedrack akatabasamu, akajibu haraka haraka, akakifunga.

Mimi nilikuwa nyuma yake na sahani ya ndizi nyama niliyompikia kwa mikono yangu. Nani tena anamuuliza kama amekula?

Hiyo ni Moshi, mwaka 2003. Tulikuwa na intaneti kafe karibu na stendi, kompyuta kumi zimeunganishwa kwa waya. Aliyekaa kwenye moja aliweza kumtumia ujumbe aliyekaa kwenye nyingine humo humo ndani. Kidirisha kile kilitoka namba nne, kule kona, nyuma ya plaiwudi.

Namba nne alikuwa anakaa Rukaya.

Jamani, kuna uzuri unaokera. Msichana wa chuo, hina mkononi, anakuja kila mchana na katoto ka shule nyuma yake, analipia saa moja, anapotelea kona. Katoto sikukatazama hata siku moja. Macho yangu yalikuwa na kazi nyingine.

Mimi nina miaka mitatu ya ndoa, mtoto hakuna. Kila Krismasi tukipanda Marangu, mama mkwe anatazama tumbo langu kabla ya kuitikia shikamoo. Sasa na mume nichukuliwe? Wivu ulinishika.

Wiki hiyo kompyuta zikawa nzito. Shedrack akaamua kunifundisha.

"Humu ndani kuna huduma zinafanya kazi chini chini na hakuna aliyeziomba. Zinakula nguvu tu. Unaichagua, unaisimamisha, unaweka isijiwashe tena."

Tukazizima moja moja. Tulipofika kwenye iliyoandikwa Messenger, akanishika mkono.

"Hiyo niachie."

"Ya nini?"

"Niachie tu, Gladys."

Hapo nikajua ndiyo yenyewe, inayoleta vidirisha.

Kesho yake alipotoka kwenda benki, nikakaa kwenye kompyuta yake nikaizima ile Messenger. Nikarudi kaunta, nikafungua soda, nikajikausha.

Mchana Rukaya akaja kama kawaida. Shedrack alikuwa ameshakaa, macho kwenye skrini, anasubiri. Kidirisha hakikuja. Nafsi yangu ikatulia kidogo.

Baadaye Rukaya akaja kaunta kufuata chenji.

"Leo mtandao umekugomea, mdogo wangu?" nikamchokoza.

"Mtandao uko sawa, dada."

Hajamaliza, kidirisha kikatokea kwenye kompyuta yangu ya kaunta. Kimetoka namba nne: "Baba, mbona hunijibu?"

Nikamtazama Rukaya. Yuko mbele yangu. Basi kule kona yuko nani?

Wateja wote wakainua vichwa. Mtumaji alipoona Shedrack hapatikani, alituma kwa kila kompyuta iliyowaka mle ndani. Moja tu haikupata kitu, ya Shedrack, ile niliyoizimia Messenger mimi.

"Mbona mnaniangalia?" Shedrack akauliza.

Kule kona, katoto kale ka shule kakasimama. Sketi ya bluu, hijabu nyeupe, na pua ya mama mkwe wangu haijakosewa hata kidogo.

"Anaitwa Mwanajuma, ni wa dada yangu," Rukaya akaniambia kwa sauti ya chini. "Shemeji alimpata kabla hajakuoa. Kwao Marangu walimkataa dada kwa sababu ya dini. Amekuficha kwa kuwa wewe bado hujajaliwa."

Hilo la mwisho lilinichoma kuliko yote. Heri angekuwa hawara, ningejua pa kuanzia ugomvi. Mtoto unagombana naye nini?

Yule binti bado amesimama, anasubiri jibu. Baba yake hajui hata kama ameitwa. Watu wote wanajua isipokuwa yeye, na sababu ni mimi.

Nikamwendea Shedrack.

"Mwanao anakuita," nikamwambia. "Namba nne."

Siwadanganyi kwamba nilipona. Mwanajuma akija nyumbani anamkimbilia baba yake kwanza, na mimi huko jikoni roho inaniuma mpaka leo. Ila chakula chake napika mimi, na anayemuuliza kama amekula ni mimi.

Dada zangu, kabla hujamfungia mtu mlango kwa wivu, chungulia kwanza uone anayebisha ni nani.