Beseni la Ndagala Lililopandisha Ardhi ya Kalundu

Ndiyo, ni mimi yule mama wa Kalundu aliyepandisha ardhi kwa beseni, na mnaocheka endeleeni kucheka, nimeshaaibika vya kutosha, lakini leo nasimulia mwenyewe maana nyinyi mnatia chumvi kupita kiasi.

Katika parseli yangu, kiwanja alichoniachia marehemu, juu ya mwamba, watu wa chuo walisimika nguzo ya chuma, kichwani mwake wakaweka antena nyeupe, wakaizungushia uzio na kunikabidhi funguo. Tangu mume wangu afariki sikuwa nimeitwa kwa cheo chochote, sasa ghafla naitwa gardien, mlinzi (nilitembea na ile funguo shingoni hadi kanisani, msinicheke). Waliniambia neno moja tu: chunga.

Nikachunga. Kunguru walipoanza kuinyea antena niliona haya, nikaifunika kwa beseni langu la plastiki, na kosa lilianzia hapo, kwa sababu beseni likipinduliwa lina kitako bapa, na kitako bapa kilicho juu, mahali paka hawafiki, utakiacha kitupu kweli? Nikaanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, nikazifunika kwa kipande cha chandarua, na jirani yangu Mama Neema akaleta zake.

Kumbe ule mtambo hutuma vipimo kila siku! Injenia wa chuo akaona ardhi ya kwangu imepanda ghafla, akampigia simu shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu, kumwambia ajiandae kwa tetemeko, shefu akamwambia mkewe, basi, mtaa mzima ukajua. Asubuhi wapakizi wa bandarini walikuwa wameacha magunia, Mama Neema ametoka mbio na godoro kichwani, watu wamejaa kwenye uzio wangu wakingoja mlima upasuke.

Injenia akafika na shefu, nikawafungulia kwa madaha.

"Mama Furaha, hii iko juu ya antena ni nini?" injenia akauliza.

"Ni ndagala, papa."

"Na chini ya ndagala?"

"Beseni."

Akavuta chandarua kwa hasira, beseni likaanguka, ndagala zote zikamwagikia kichwani. Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Akatangaza mbele yao kwamba ardhi haikupanda hata kidogo, ni plastiki iliyochelewesha mawimbi ya satelaiti, kisha akanyoosha mkono.

"Leta funguo. Tutatafuta mutu mwingine."

Hapo aibu ikaniisha, nikabaki na hasira.

"Siitoe! Mulinambia chunga, minye nilichunga. Mulinielezaka hii kitu inapima nini? Hata siku moja?"

Shefu akatazama viatu vyake.

"Na siye tulikimbia," akasema Mama Neema, godoro bado kichwani, "nani alitueleza?"

Injenia akakaa juu ya mwamba, ndagala moja bado iko kwenye nywele, akatueleza sote: ziwa liko pale kwa sababu ardhi inavutwa pande mbili, upande wetu na ule wa Burundi zinaachana polepole kuliko ukucha unavyoota, na antena ndiyo inayopima mwendo huo. Alipomaliza, mkono hakuunyoosha tena.

Kosa ni langu, nalikubali. Lakini naapa sitachunga tena kitu nisichoelezwa kazi yake, aje nani. Ndagala naanika chini, paka wanakula. Funguo iko shingoni mwangu, na siku hizi injenia akipiga simu haniambii chunga, ananiuliza antena imeamkaje, nami namjibu.