Hadithi za Mchana huko Nyamuswa

Wapo wanaosema kwamba Helena binti Florian alirudishwa kwao kwa sababu alipoteza ng'ombe wa mkwewe. Hakurudishwa. Wanaosema hivyo hawakuwepo, na baadhi yao walikuwa hawajazaliwa. Ilivyokuwa ni hivi.

Helena alizaliwa Kigera, Musoma, enzi za Mwingereza, katika nyumba ya fundi seremala. Siku moja baba yake, Mzee Florian, alimtengenezea padri rafu ya vitabu, na kitabu kimoja kikakosa nafasi. Fundi mwingine angeongeza ubao. Florian aliomba kitabu, akapewa, akakipeleka nyumbani.

Kilikuwa kitabu cha hadithi za wanyama na majitu, na kwenye jalada palikuwa na picha ya fisi aliyevaa kanzu. Helena alikisoma akiwa amekaa juu ya mawe ya ziwani, ndoo ikimsubiri. Mwanzoni alikisoma kwa sauti, kama watoto wote walivyofundishwa. Kisha siku moja mama yake alimwita, akamwita tena, akaja mwenyewe na kumkuta ametulia kama jiwe, mdomo umefungwa, macho yanakimbia. Alichapwa kwa kosa la kiburi. Hakikuwa kiburi, hakuwa amesikia. Fisi alikuwa akiongea.

Kitabu kile hakikumtoka. Hata alipokuwa mwalimu mwenye cheti, hakupita karibu na kichuguu bila kukohoa kidogo. Kitabuni kichuguu kilikuwa mlango, na mtu aliyelelewa vizuri hapiti mlangoni pa watu kimya.

Kila likizo alizunguka Butiama na Bunda akiwauliza akina bibi juu ya hadithi zilezile, apate kuzilinganisha. Aligundua kwamba fisi wa Butiama hufa mwishoni, na fisi wa Bunda hukimbia. Alipouliza ni ipi ya kweli, bibi mmoja wa Butiama alimjibu kwamba watu wa Bunda hawajawahi kuua fisi. Akina bibi wote walikubaliana jambo moja tu, kwamba hadithi husimuliwa jioni, ng'ombe wakiwa wamerudi zizini, na anayesimulia mchana hupoteza ng'ombe. Helena, mtoto wa seremala asiye na hata mbuzi, alilisikia hilo kama mtu anavyosikia bei ya kitu asichokusudia kukinunua.

Kisha akaolewa Nyamuswa.

Mumewe, Thadeo, alikuwa karani mjini Musoma, akija nyumbani Jumamosi kwa lori. Baba yake Thadeo, Mzee Ngolo, alikuwa na ng'ombe wengi na maneno machache. Kwa desturi ya pale mkwe na mkamwana hawazungumzi uso kwa uso, kwa hiyo kila neno lilipita kwa mama mkwe, Boke. Helena aliomba kuwafundisha watoto kusoma katika banda la kanisa. Ombi lilikwenda kwa Boke, likafika, likarudi limekubaliwa.

Kitabu cha kusomea kilikuwa kimoja tu, kile cha fisi. Kila asubuhi Helena aliandika kipande cha hadithi ubaoni kwa chaki, na watoto wote wakakisoma pamoja kwa sauti iliyofika mpaka mtoni. Mzee Ngolo alikuwa akinywesha ng'ombe. Alisikia habari za fisi, jua likiwa utosini, kutoka katika vinywa vya wajukuu wake mwenyewe.

Wiki ileile ng'ombe wake mwekundu hakurudi.

Wazee walikaa uani kwa Ngolo. Helena aliitwa, akapiga magoti upande wa pili wa Boke.

"Boke," alisema Mzee Ngolo, akiutazama ukuta, "mwambie mkamwana wako, ng'ombe hapoteagi bure."

Boke, aliyekuwa kati yao, akageuka. "Baba anasema ng'ombe hapoteagi bure."

Wakati huo ng'ombe alikwisha kuonekana upande wa Mugeta, amefuata dume la watu. Helena alilitaja hilo kwa heshima. Jibu lilirudi likiwa swali: kabla ya hadithi, hilo dume lilikuwa halipo?

Hukumu ilikuwa inakuja, na Helena aliijua. Jumamosi Thadeo angefika, na Jumapili lori lilelile lingemrudisha Kigera na sanduku lake, na mjini watu wangesema binti wa Florian amerudi. Hakulia. Aliomba aulize jambo moja. Je, kosa ni la hadithi yenyewe, la sikio, au la mdomo?

Wazee walilijadili mpaka pombe ikaisha. Mzee Wanzagi, jirani aliyependa mzaha, ndiye aliyelikata. Kitabu, alisema, kinalala nyumbani kwa Ngolo mchana kutwa na hadithi zote tumboni. Kama kosa lingekuwa la hadithi, zizi lingekuwa tupu. Sikio halina hiari. Kosa ni la mdomo.

"Basi watasoma bila mdomo," alisema Helena.

Boke alisita kabla ya kulifikisha hilo.

"Watasomea pua?" aliuliza Wanzagi, na wazee wakacheka. Lakini neno lilikuwa limeshasemwa, na Mzee Ngolo alikuwa mtu wa haki. Alimpa mpaka Jumamosi. Sauti moja ya hadithi ikisikika mchana, lori.

Wiki hiyo Mzee Ngolo aliwaachia wengine ng'ombe wake, akakaa mlangoni mwa banda na fimbo, na Boke pembeni kwa ajili ya mawasiliano. Siku ya kwanza watoto walinong'ona. Siku ya pili walinyamaza lakini midomo ikacheza, na Mzee akatuma neno kwamba mlango uliosindikwa si mlango uliofungwa. Baada ya hapo watoto walibana midomo kwa vidole. Nassibu, mtoto wa fundi cherehani pale sokoni, aliuma kofia yake.

Helena hakuwahimiza. Aliandika, akakaa, akangoja. Alijua kinachongojewa, maana kilimpata yeye juu ya mawe ya Kigera, na hakuna mwalimu awezaye kukileta kwa kiboko. Alhamisi kilikuwa hakijaja. Alianza kukunja nguo zake.

Ijumaa, katikati ya somo, Mzee Ngolo alikohoa. Hakuna mtoto aliyegeuka. Alikohoa tena, kwa nguvu zaidi, na macho yote yakabaki ubaoni. Mzee hakuwa amezoea kukohoa bila watu kugeuka. Alimtazama Boke, na Boke hakuwa na ujumbe wowote.

Jumamosi asubuhi Helena aliandika pale ambapo fisi, akiwa ameazima kanzu ili akapose kwa kondoo, anakaribishwa mifupa, anasema yeye hali mifupa, na tumbo lake linamkanusha mbele ya wakwe. Banda lilikuwa kimya. Kisha mtoto mmoja wa mbele akacheka. Akafuata jirani yake, na kicheko kikaenda kutoka mmoja hadi mwingine, kila mtu kwa wakati wake, mpaka wote walipokwisha kunyamaza na Nassibu, msomaji wa polepole, akacheka peke yake.

Mzee Ngolo aliutazama ubao. Palikuwa na chaki tu.

"Boke, muulize wanacheka nini."

"Baba anauliza wanacheka nini," alisema Boke. "Na mimi nauliza."

"Mama, mwambie Baba bado ni mchana."

Helena akaandika mwisho wa hadithi, watoto wakausoma kimya, kila mmoja na fisi wake, akafuta ubao.

Thadeo alifika mchana, akaambiwa mambo yote, akayapokea kama makarani wanavyopokea barua. Mzee Ngolo hakula vizuri. Ng'ombe walipoingia tu zizini aliwaita watoto, na Nassibu akafuatwa kwao ili asikosekane. Wa kwanza alisema fisi alikimbia na kanzu. Wa pili alisema hapana, kanzu ilichanika na fisi akakimbia uchi. Nassibu alisema fisi alioa, na wakwe wakazoea tumbo lake. Walibishana mpaka wakasukumana.

Thadeo aliuliza, kwa sauti ya chini, kama mkewe afunge sanduku.

"Umpeleke wapi?" alisema Mzee Ngolo. "Watoto wamefundishwa nusu, hata mwisho hawaujui. Boke, mwambie mkamwana haondoki mtu hapa mpaka wote waseme hadithi moja."

Boke akamwambia. Helena alikuwa amewatafuta kwa miaka, Butiama na Bunda, wasimulizi wawili tu wanaokubaliana, asiwapate. Aliinamisha kichwa kwa adabu, akajibu kwamba atajitahidi.

Thadeo alivaa viatu, akaenda sokoni kumwambia dereva wa lori kwamba kesho hakutakuwa na mzigo.