Chewa Aliyeshukiwa Kutiwa Rangi

Riyadh nilikuwa napiga picha za samaki wanaouzwa mtandaoni. Samoni walitufikia kwa ndege, wamelala kwenye barafu, macho yameshafifia. Nikishindwa kuwang'arisha kwa taa, nilizidisha rangi kwenye kompyuta. Bosi wangu, Msaudia aliyezaliwa na kukulia Riyadh, alizipenda picha hizo. Mimi nilikulia Tanga, pembeni mwa bahari, na kila nikizitazama nilikosa raha.

Kwa hiyo aliponituma Jeddah kupiga picha za samaki wa Bahari ya Shamu, nilifurahi mno. Nikapanga chumba mtaa wa Hindawiyah. Asubuhi ya kwanza nilikwenda sokoni nikamkuta chewa mwekundu, ambaye wenyeji humwita najili, tayari amepauka. Nikamwomba mvuvi mmoja anichukue kwenye boti yake.

"Yalla, twende," akasema, "lakini mshipi hautakungoja upange vyombo vyako."

Kesho yake kulipopambazuka alivuta chewa wa kwanza. Nilimtia kwenye beseni jeupe lenye maji ya bahari, nikamkinga jua kwa mwavuli, nikapiga. Alikuwa mwekundu wa kuiva, kajaa vitone vya buluu vilivyowaka mwili mzima. Picha ile sikuigusa hata kidogo. Niliituma kama ilivyo.

Bosi akapiga simu. "Hii umeitia rangi."

"Wallahi sijaigusa."

"Hakuna samaki wa hivi. Wateja watasema tunawadanganya."

Iliniuma. Zile nilizozichezea alizisifu, hii ya kweli ndiyo anayoikataa. Nikajikuta namwambia, "Basi njoo uone mwenyewe, bosi."

Sikutegemea aje, lakini Ijumaa alfajiri alikuwa gatini, kanzu nyeupe, miwani ya jua mkononi. Baharini alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Mvuvi alipopandisha chewa, nikamtia kwenye beseni. Bosi akapiga magoti, kanzu ikalowa hadi mapajani.

"Subhanallah," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Mbona vitone vinafifia?"

"Ndivyo anavyokuwa akishavuliwa."

"Piga basi! Piga, usinitazame mimi!"

Nikapiga. Yeye aliendelea kuinama pale mpaka wekundu ulipoanza kupauka kichwani, halafu akaomba tusubiri mwingine.

Picha ilitoka bila kuguswa. Chini yake bosi aliandika mwenyewe kwamba hivi ndivyo chewa anavyotoka baharini, na atakapokufikia nyumbani rangi itakuwa imepungua. Kuna wateja waliolalamika. Wengine waliandika kuuliza mvuvi anatoka pwani ipi.

Juma lililofuata aliniita ofisini, akataka kujua kama kwetu kuna samaki wenye rangi kama zile. Nikamweleza habari za pono, kijani na waridi kwenye mwili mmoja, na usingizi wake ambao kwetu umekuwa msemo. Alicheka sana. Akaniambia nipange safari nyingine ya Jeddah, nitafute boti kubwa zaidi, maana anataka kuja na binti zake.